Punda akizeeka: namna ya kumtunza mbeba maji wako

Punda hazeeki kwa siku moja. Yule wa Handeni au Kilindi aliyebeba madumu ya maji tangu ujana wake huanza kwa kubaki nyuma kwenye mwinuko aliokuwa akiupanda bila kusukumwa. Baadaye anachelewa kumaliza majani, na asubuhi hatua zake za kwanza zinakuwa fupi fupi. Mwenye haraka huuita huo uvivu, fimbo ikaongezeka. Kumbe mnyama ana maumivu, na hana namna nyingine ya kuyasema.

Farasi ni nadra katika vijiji vya Tanga, kwani ndorobo, ugonjwa unaoletwa na mbung'o, humuua upesi. Mzigo wa kijijini uko mgongoni mwa punda. Akitunzwa vizuri anaweza kuvuka miaka 25, hata kufika 30. Wengi wa kazi nzito hawafiki huko, na kinachowamaliza mara nyingi si umri wenyewe, bali magego yaliyochongoka, kwato zilizoachwa, vidonda vya tandiko na mzigo usiopunguzwa. Hayo yote yamo katika uwezo wa mwenye punda, ilimradi amjue mnyama wake kwa mkono na si kwa macho peke yake.

Kujua kama kweli amezeeka

Tazama meno ya mbele. Huna haja ya kuingiza vidole kinywani: simama ubavuni, shika kidevu kwa mkono mmoja, na kwa mwingine inua mdomo wa juu. Punda hukamilisha meno ya ukubwani akiwa na miaka mitano hivi. Akiwa kijana, ukimtazama kwa pembeni, meno ya juu na ya chini hukutana yakiwa karibu wima. Kadiri miaka inavyokwenda yanalala kuelekea mbele, na kwa mzee yanakutana kwa pembe iliyochongoka. Usitegemee kupata mwaka kamili kwa njia hii. Inakutenganishia tu kijana, mtu mzima na mzee. Ongeza dalili nyingine: mashimo yaliyodidimia juu ya macho, mvi usoni, mgongo uliobonyea, mdomo wa chini unaoning'inia.

Kuanzia miaka 18 mhesabu kuwa mzee, hata kama bado anatembea kwa nguvu. Punda ana tabia ya kuficha maumivu, na nguvu unayoiona isikudanganye.

Ukaguzi wa asubuhi

Hapa ndipo pana kazi yenyewe, nayo inachukua dakika tano tu kila siku kabla ya kumfunga chochote. Ifanywe na mtu yule yule anayetembea naye njiani. Mtu mgeni hawezi kuona kwamba sikio la kushoto leo limelala kuliko jana.

Mwite kabla hujamfikia, kwa sauti anayoizoea. Punda mzee huenda haoni wala kusikia vizuri, na anayeshtuliwa kwa nyuma hurusha teke. Msogelee kwenye bega, uweke kiganja shingoni, utulie kidogo. Kisha pitisha mkono juu ya uti wa mgongo, ukibonyeza pande zake kwa ncha za vidole. Akibonyea au akigeuza masikio nyuma kila unapofika mahali pale pale, pana uchungu, hata kama ngozi ni nzima. Shuka mbavuni. Mbavu zinapaswa kuhisika ukibonyeza kidogo, bila kuonekana kwa mbali. Manyoya marefu ya mzee hufunika ukondefu; mkono hugundua kile ambacho jicho halikioni kwa mwezi mzima.

Angalia kama ubavu mmoja una vumbi au majani makavu. Punda mwenye afya hulala chini angalau kwa muda mfupi usiku. Asubuhi kadhaa zikipita akiwa msafi kama alivyokuwa jioni, inawezekana anaogopa kulala kwa kuwa kuinuka kunamuuma. Mwekee mahali palipotandikwa majani makavu au pumba za mbao, pasipo mteremko, tena pakubwa pa kumwezesha kunyoosha miguu ya mbele anapoinuka. Ukimkuta chini ameshindwa, usimvute mkia wala masikio. Mgeuzie upande wa pili, mwache apumue dakika chache, kisha mkae kwenye bega na nyonga mumsaidie anapojaribu mwenyewe.

Mwisho tazama kinyesi cha usiku. Vidonge viwe vimeshikana na vyenye unyevu. Vikiwa vikavu na vichache, tumbo linaelekea kuziba. Vikiwa na vipande virefu vya majani, hatafuni.

Jifunze namba zake akiwa mzima ili uzitambue akiugua. Punda mkubwa aliyepumzika ana joto la kati ya nyuzi 36.5 na 37.8, mapigo ya moyo 36 hadi 52 kwa dakika, na pumzi 12 hadi 28. Mapigo huhisika kwenye mshipa unaopita chini ya mfupa wa taya. Ufizi uwe wa rangi ya waridi. Ukiubonyeza kwa kidole ukawa mweupe, rangi irudi ndani ya sekunde mbili.

Watu husema shukrani ya punda ni mateke. Punda ambaye hajawahi kurusha teke miaka yote, akaanza uzeeni, ana mahali panapomuuma. Tafuta mahali hapo kabla ya kutafuta fimbo.

Kinywa na chakula

Magego ya punda huendelea kusogea nje ya ufizi maisha yake yote, na husagika kwa kutafuna. Hayasagiki sawasawa. Ya juu huacha ncha kali upande wa shavu, ya chini upande wa ulimi, na ncha hizo huchana nyama kila anapotafuna. Uzeeni mengine hulegea au hung'oka, na jino lililo mkabala hurefuka kwa kukosa mwenzake. Utamjua kwa kuangusha vibonge vya majani yaliyotafunwa nusu, kutafuna kwa upande mmoja, kunuka kinywa au kuvimba shavu.

Kupunguza ncha hizo ni kazi ya daktari wa mifugo mwenye tupa maalumu na kifaa cha kuacha kinywa wazi, mara nyingi kwa dawa ya kutuliza. Tupa ya fundi seremala na nguvu za vijana wanne vimewavunja punda taya. Kinywa kikaguliwe mara moja kwa mwaka, na baada ya miaka 18 kila miezi sita.

Asiyeweza kutafuna mabua hatashiba kwa kupewa mabua mengi zaidi. Mpe chakula kilichokwisha kukatwa na kulowekwa. Kwa punda wa kilo 130 kiasi hiki kwa siku ni mwanzo mzuri:

- majani makavu yaliyokatwa vipande vya sentimita 2 hadi 3: kilo 2
- pumba za mahindi: kilo 1, isizidi
- mashudu ya alizeti: gramu 200
- chumvi: kijiko kimoja cha chakula
- chokaa ya mifugo: gramu 20

Changanya, mimina maji hadi yafunike, acha kwa saa moja, kisha gawa milo minne. Mlo mmoja usiwe na zaidi ya robo kilo ya pumba, kwa sababu wanga mwingi kwa mpigo huchacha tumboni, ukaleta msokoto na maumivu makali ya kwato. Chokaa usiiache. Pumba zina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo, na punda anayelishwa pumba peke yake kwa miezi hunyonywa mifupa taratibu. Mabadiliko yoyote ya chakula yachukue siku saba hadi kumi.

Bado mwache aende malishoni hata kama hafaidi sana. Majani mabichi laini ya masika anaweza kuyamudu, na kutembea kunamsaidia viungo.

Vipo vitu ambavyo ng'ombe wa jirani anakula salama lakini punda anadhurika navyo. Mahindi au pumba zenye kuvu: sumu ya kuvu fulani wa mahindi huyeyusha ubongo wa punda, akaanza kuzunguka, akagonga ukuta kwa kichwa, na akafa ndani ya siku chache bila tiba. Ukinusa ukungu, tupa gunia lote, usichague. Majani ya lusina yanayopendwa na wafugaji wa maziwa humnyonyoa punda shingo na mkia. Chakula cha kuku na ng'ombe cha dukani kinaweza kuwa na dawa ya monensini, ambayo kiasi kidogo tu husimamisha moyo wa punda. Mbegu za mbarika zilizo kando ya njia nazo ni sumu kali.

Kwa walio Pangani, Saadani na pwani yote hadi Bagamoyo kuna adui mwingine, mchanga. Punda anayekula chakula kilichowekwa chini humeza mchanga, na tumbo la mzee lisilosukuma vizuri huulimbikiza hadi likaziba. Tumia karai pana au nusu ya pipa la plastiki lisilo na kingo kali. Jaribio ni rahisi: weka viganja vitatu vya kinyesi kipya, ambacho hakijagusa ardhi, katika chupa ya maji inayoonyesha ndani, tikisa, acha dakika kumi. Mchanga ukijikusanya chini kama kijiko hivi, badilisha mahali pa kumlishia na umwone afisa mifugo.

Maji ni lita 10 hadi 25 kwa siku, kulingana na jua na kazi. Inasikitisha kwamba wanyama wanaobeba maji ya kijiji kizima ndio wanaorudi nyumbani na kiu. Mnyweshe kisimani kabla ya kumtwika, umnyweshe tena akifika. Ndoo ioshwe kila siku, kwa kuwa punda hukataa maji yanayonuka, na mzee asiyekunywa hupata tumbo kuziba upesi.

Na hili lishikwe kuliko yote: punda aliyeacha kula kwa siku moja ni wa dharura. Njaa ya ghafla humfanya mwili wake uachie mafuta mengi kwenye damu, yakaharibu ini na figo. Wazee, wanene na wenye mimba ndio walio hatarini zaidi. Usingoje kesho.

Mzigo na matandiko

Kwanza ujue uzito wake. Pima kwa futi ya fundi nguo mzingo wa kifua, nyuma kidogo ya miguu ya mbele. Kwa punda wa kimo cha mita moja hivi begani, mzingo wa sentimita 105 ni takribani kilo 120. 110 ni kilo 133. 115 ni 146. 120 ni kilo 160.

Punda mzima mwenye afya asibebe zaidi ya theluthi ya uzito wake. Wa kilo 133 ni kilo 44, yaani madumu mawili ya lita 20 pamoja na matandiko, na hapo ameshafika. Madumu manne tunayoyaona barabarani ni kilo 80, zaidi ya nusu ya mwili wake. Akishafika uzee gawa tena kwa mbili: lita 10 kila upande, njia ya tambarare, siku moja kazi na siku moja mapumziko, naye awe amerudi kivulini kabla ya saa nne asubuhi. Pande mbili zilingane. Dumu moja likiwa nusu na jingine limejaa, tandiko hulala upande mmoja na kukata ngozi ndani ya safari moja.

Tandiko zuri halikai juu ya uti wa mgongo. Shona mito miwili mirefu ya gunia, ijaze majani makavu yaliyoshindiliwa hadi ifikie unene wa sentimita 8, uiunganishe kwa mikanda miwili mipana ili kila mto ulale upande wake na katikati ubaki mfereji wa upana wa vidole vinne. Sufi ni laini lakini hubonyea mapema, na baada ya wiki chache punda anabeba dumu kwa mfupa. Chini ya mito weka kitambaa cha pamba kinachofuliwa; jasho lililokauka likachanganyika na vumbi husugua ngozi kama msasa. Mgongo wa mzee hubadilika umbo, nyama zikipungua kando ya mfupa, hivyo tandiko lililomfaa miaka mitano iliyopita huenda sasa linagusa uti. Kila baada ya miezi mitatu pitisha kidole kwenye mfereji akiwa amebeba. Kisipopita, jaza mito upya.

Kamba ya mkonge ipo tele Tanga, nayo ndiyo inayochana ngozi nyembamba ya kwapani na chini ya mkia. Itumie kufungia mzigo tu. Kinachogusa mwili kiwe mkanda wa pamba au wa turubai wenye upana wa sentimita 5 au zaidi.

Kwa mkokoteni, mkanda wa kifua ukae chini ya koo na juu ya kiungo cha bega. Ukipanda juu unamkaba, ukishuka unazuia hatua. Nira ya ng'ombe haimfai punda kabisa kwa kuwa hana nundu ya kuizuia. Panga mzigo juu ya ekseli hadi uweze kuinua mikono ya mkokoteni kwa mkono mmoja. Kwenye miteremko kama ya kuelekea Amani au Lushoto, punda mzee asivute kabisa: mkokoteni humsukuma kwa nyuma, na viungo vya miguu yake haviwezi tena kuuzuia.

Akipata kidonda, kitu cha kwanza si dawa. Ondoa mzigo, kisha weka tandiko juu yake uone ni sehemu gani inayoangukia pale pale. Osha kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, kijiko kimoja cha chai cha chumvi kwa nusu lita, mara mbili kwa siku. Oili chafu na maji ya betri huunguza nyama hai na kuchelewesha kupona. Asirudishwe kazini mpaka ngozi imefunga na kuota manyoya.

Kwato na viungo

Safisha kwato kila siku kwa chuma butu, kutoka kisigino kuelekea mbele, usichome kwenye nyama ya katikati. Wakati wa masika na vuli kwato hunyonya maji na kulainika, kisha jiwe dogo likaingia na kutunga usaha. Dalili yake ni kuchechemea kwa ghafla na ukwato wenye joto. Mpe mahali pakavu pa kusimama angalau nusu ya siku.

Kwato zipunguzwe kila wiki 8 hadi 10, kwa kisu cha kwato na tupa, kidogo kidogo. Panga halitumiki hapa. Kama zilirefuka kwa mwaka mzima, usizirudishe kwa siku moja. Viungo vilishazoea pembe hiyo, na kuvigeuza ghafla kunamuumiza zaidi. Mzee mwenye baridi yabisi hawezi kuinua mguu juu wala kwa muda mrefu. Uinue chini chini, uuache baada ya dakika moja, urudie baadaye.

Kumfunga siku nzima kunamkaza. Mwache atembee mwenyewe. Usimpe dawa ya maumivu ya binadamu. Mwili wa punda huzichakata dawa kwa kasi tofauti hata na farasi, na dozi ni ya daktari.

Magonjwa ya kukumbuka

Punda huhimili ndorobo kuliko farasi, lakini huugua: homa za kuja na kwenda, kukonda huku anakula, kuvimba chini ya tumbo. Damu ipimwe kwanza, kwa sababu dawa za ndorobo za ng'ombe zinaweza kumdhuru zikikadiriwa kwa macho. Usimwogeshe kwa dawa ya kupe yenye amitrazi. Kwake husimamisha mwendo wa utumbo. Pepopunda inakingwa kwa chanjo mbili zinazopishana wiki 4 hadi 6, kisha marudio kama daktari atakavyopanga.

Mwenzake, na siku za kupumzika

Punda wawili waliofanya kazi pamoja wameungana kuliko wengi wanavyodhani. Kumstaafisha mzee kwa kumpeleka shamba la mbali huku mwenzake akibaki kunaweza kuwaachisha kula wote wawili. Wapumzike zizi moja. Mzee anaweza pia kutembea bila mzigo mbele ya punda mchanga anayejifunza njia ya kisimani. Mchanga humfuata na kutulia, naye mzee anapata mwendo anaouhitaji. Wakati wa kulisha tu watenganishe kwa uzio unaoonyesha, kwani kijana humaliza chakula laini cha mzee.

Mnunuzi atakayekuja kumtaka bila kuuliza umri wala kukagua meno hatafuti mfanyakazi. Umoja wa Afrika uliamua Februari 2024 kupiga marufuku biashara ya ngozi za punda barani kote, na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamlinda mnyama dhidi ya mateso. Mtu aliyebebewa maji na punda kwa miaka kumi na tano ana deni naye, na deni hilo halilipwi kwa kumuuza.

Akishindwa kuinuka kila siku, akiendelea kukonda juu ya chakula laini, au maumivu yakigoma kutulia kwa dawa, zungumza na daktari wa mifugo juu ya kumpumzisha kwa sindano. Amua mapema, mchana, nyumbani, mtu anayemfahamu akiwa kichwani pake. Nyama ya mnyama aliyechomwa dawa hiyo isiliwe na mbwa wala mtu. Chimba shimo la mita mbili, mbali na kisima na mkondo wa maji.

Kabla ya kufukia, mlete mwenzake, mwache anuse mpaka aondoke mwenyewe; huenda ikachukua saa nzima. Punda asiyeonyeshwa huzunguka akiita na kutafuta kwa siku nyingi. Kwa wiki mbili zinazofuata pima anachobakiza karaini asubuhi na jioni, mtafutie punda mwingine wa kukaa naye, na akisusa chakula siku nzima mwite afisa mifugo siku hiyo hiyo.